Maswali na majibu: kingamwili ya KPNA2

Swali: Nimeagiza kingamwili ya impotini alfa 1, lakini jeni ninayoifuatilia ni KPNA1. Nimekosea?

Jibu: Umekosea, na si wewe peke yako. Majina ya protini hizi zinazobeba mizigo kuingia kwenye kiini cha seli yanapishana. Impotini alfa 1 hutokana na jeni KPNA2. KPNA1 hutoa impotini alfa 5. Kadhalika KPNA3 ni alfa 4, na KPNA4 ni alfa 3. Usiagize kwa jina la alfa. Angalia jina la jeni na namba ya UniProt, hifadhidata ya protini; ya KPNA2 ya binadamu ni P52292.

Swali: Jeli inaonyesha mistari miwili inayokaribiana, kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 58 na 60. Upi ni KPNA2?

Jibu: Uzito pekee hautoshi. KPNA2 ina asidi amino 529, sawa na kilodaltoni 58 hivi, lakini ndugu zake nao wana uzito wa karibu huo huo. Punguza KPNA2 kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) mbili tofauti, na kundi jingine la seli lipate siRNA isiyolenga chochote. Baada ya saa 48 hadi 72, pakia mikrogramu 20 za protini kila kisima, jeli ya asilimia 10. Mstari unaofifia kwa siRNA zote mbili ndio wenyewe. Ule usioguswa huenda ni ndugu aliyeshikwa kimakosa. Kupima usawa wa upakiaji tumia protini ya GAPDH, iliyo chini kwenye 36. Tubulini, kwenye 50, iko karibu mno.

Swali: Chini ya hadubini saitoplazimu inang'aa, kiini ni cheusi kabisa. Je, protini haiingii kiinini?

Jibu: Kabla ya kuamua hivyo, tuambie umetoboa seli kwa kutumia kitu gani. Kama ni digitonini, jibu liko hapo. Digitonini hushika kolesteroli, ambayo ni nyingi kwenye utando wa nje wa seli na haba kwenye utando wa kiini. Mlango wa nje unafunguka, wa ndani unabaki umefungwa, na kingamwili ya kilodaltoni 150 haipenyi yenyewe kwenye matundu ya kiini. Gandisha seli kwa formaldehidi asilimia 4 dakika 15, suuza kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) mara tatu, kisha Triton X-100, sabuni inayotoboa tando zote mbili, asilimia 0.2 kwa dakika 10.

Sahani moja ipake kingamwili ya protini ya lamini A/C. Lamini iko upande wa ndani wa utando wa kiini: usipouona ule ukingo mwembamba unaokizunguka, kingamwili haikuingia, na weusi ule hauna maana yoyote. Hali kinyume nayo hupotosha: joto kali au msongo wa oksijeni huirundika impotini alfa kiinini. Kwa hiyo seli zikitoka kwenye inkubeta zigandishwe kwa formaldehidi papo hapo.

Swali: Kingamwili ilikuwa kali, sasa mistari ni hafifu.

Jibu: Aghalabu ni kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara. Siku kingamwili inapokufikia, igawe mikrolita 10 kila kichupa. Yenye gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye −20°C, haina haja ya kugawanywa. Na usiongeze sodiamu azidi kwenye kingamwili ya pili (inayoshika ile ya kwanza) yenye HRP, kimeng'enya kinachotoa mwanga wa mistari: azidi huua kimeng'enya hicho, na mwanga wote hupotea.