Kabla Hujaingia Boundary Waters Peke Yako Msimu wa Vuli

Swali la kwanza huwa ni dubu. Wenzetu wa Minneapolis wakisikia mtu anakwenda kulala msituni kaskazini ya mji wa Ely, Minnesota, peke yake, mwezi wa kumi, wote wanataka kujua dubu akitokea mtu huyo atafanya nini. Ningefurahi siku moja niulizwe maji yana baridi kiasi gani, maana huko ndiko hatari iliko.

Kwa asiyepajua: Boundary Waters ni pori la ekari zaidi ya milioni moja, lenye maziwa zaidi ya elfu moja, mpakani mwa Minnesota na Kanada. Ndani hakuna barabara, maziwa mengi hayaruhusu injini, na simu ya kawaida usiitegemee. Kutoka Minneapolis hadi Ely ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari; baada ya hapo ni mtumbwi, kasia na mgongo wako. Vuli, yaani Septemba na Oktoba, mbu wameisha, watu wamepungua, na miti ya gome jeupe imegeuka manjano tupu. Utamu upo. Ila msimu huohuo maziwa yanapoa kila usiku, na mchana wa jua kali unaweza kukudanganya ukavaa fulana huku maji yaliyo chini yako yana nyuzi 10 za Selsiasi au pungufu.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, ana hesabu rahisi ya kukariri: moja, kumi, moja. Ukianguka kwenye maji ya baridi kali, una dakika 1 ya kutuliza pumzi, kwa sababu mwili unahema wenyewe na ukihema uso ukiwa chini ya maji umekwisha. Kisha una dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Baada ya hapo vidole havishiki kitu, ingawa itachukua kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Mkiwa wawili, mwenzako anakuvuta. Ukiwa peke yako, dakika hizo 10 ndizo zako zote, na kuogelea nusu kilomita hadi ufuoni ukiwa na buti hakumo ndani yake.

Kwa hiyo jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi. Ninaona watu wamelifanya mto wa kitini, eti wanajua kuogelea. Sisi tuliokulia pwani ndio wabishi zaidi, tunadhani bahari imetufundisha kila kitu. Bahari ya Mombasa haijawahi kumkata mtu pumzi kwa baridi. Pita kando ya ufuo hata kama njia inarefuka maradufu, na usiuache ufuo zaidi ya umbali ambao ungeweza kuuogelea kwa miguu na mikono inayokufa ganzi. Kiberiti na kitu cha kuwashia moto viwe mfukoni mwako, ndani ya mfuko usiopitisha maji, visiwe kwenye begi linaloweza kuelea likaenda zake. Chombo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti nacho kifungwe kwenye jaketi. Nguo moja kamili ya kubadilisha, ya sufu au nailoni na wala si pamba, haiguswi hadi siku ya shida.

Upepo ndio utakaokupanga ratiba. Mtumbwi wenye mtu mmoja ni mwepesi. Ukikaa tezi, yaani nyuma, na mzigo wote ukauweka karibu nawe, omo ya mbele inanyanyuka na upepo unaizungusha unavyotaka. Sogeza begi zito mbele mpaka mtumbwi ulale sawasawa majini. Kama umekodi mtumbwi wa watu wawili, kaa kiti cha mbele ukitazama nyuma, yaani geuza tezi iwe omo; utakuwa karibu na katikati. Mawimbi yakianza, piga magoti. Kasia la pande mbili, lile la kayaki, wazee wa mtumbwi hulicheka, lakini kwenye upepo wa mbele ukiwa peke yako litakufikisha.

Maziwa mara nyingi hutulia alfajiri na kuchafuka kuelekea adhuhuri. Vuka sehemu pana mapema, na kama saa nne asubuhi unaona mawimbi yana vichwa vyeupe, umeshafika: pika chai. Ndiyo maana kila safari ninaipangia siku ya akiba ambayo chakula chake kipo na kazi haina. Aliyeahidi kurudi ofisini Jumatatu asubuhi ndiye anayevuka ziwa Jumapili jioni upepo ukivuma.

Jambo la pili ambalo sisi wa ikweta hatulizoei ni giza. Kwetu jua huzama wakati uleule mwaka mzima, ukisema saa kumi na mbili na nusu umemaliza. Kule Ely mwezi wa sita linazama baada ya saa tatu usiku. Mwanzo wa Oktoba linazama kabla ya saa moja jioni, na mwisho wa mwezi hata saa kumi na mbili haijafika. Kila siku unapoteza zaidi ya dakika 3 za mwanga. Saa tisa alasiri uwe umeshapata kambi. Kupiga kambi kunaruhusiwa tu pale penye jiko la chuma lililowekwa na wasimamizi wa msitu, na kulitafuta gizani ni adha.

Kati ya ziwa na ziwa unabeba mtumbwi na mzigo kwa miguu. Ramani za kule hupima njia hizi kwa rodi. Rodi moja ni mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi. Ukiwa peke yako utapeleka begi, utarudi mikono mitupu, utapeleka mtumbwi. Rodi 100 ni nusu kilomita kwenye ramani, lakini miguu inatembea kilomita moja na nusu. Mtumbwi wa mtu mmoja wa kevlar, nyuzi nyepesi lakini imara, una kilo 15 hadi 20, na mabega yanauzoea. Begi ndilo linaloua. Mabegi ya zamani ya kule yana mshipi wa kuvaa kichwani, vilevile kina mama wa Kikuyu wanavyobeba kuni. Jaribu, shingo itakushangaza. Majani yaliyoloa juu ya mawe huteleza vibaya, na kifundo kilichoteguka ukiwa peke yako ni safari nyingine kabisa.

Usiku, chujio la maji lilale nawe ndani ya begi la kulalia. Lile la nyuzinyuzi likishawahi kutumika kisha likaganda, hupasuka ndani bila kuonyesha, na utakunywa vijidudu ukidhani umechuja. Mtungi mdogo wa gesi nao uulaze humo, la sivyo asubuhi jiko litakuwa linapumua tu.

Haya, dubu. Ning'iniza chakula juu, mbali na shina, au tumia pipa lisilofunguka, kama kanuni zinavyotaka. Makopo na chupa za glasi za chakula ni marufuku. Mnyama wa kumwogopa zaidi kati ya Septemba na Oktoba ni muusi dume, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana, kwa sababu ndio msimu wake wa kutafuta majike na hataki mzaha. Mwachie njia. Vaa kofia ya rangi ya chungwa, wawindaji wanaruhusiwa humo. Na moto uzime hadi majivu uyashike kwa mkono: moto wa Pagami Creek, uliowashwa na radi Agosti 2011, ulilipuka kwa upepo mwezi Septemba na kuteketeza zaidi ya ekari 90,000, vuli hiihii.

Kibali cha kulala kina idadi maalumu kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, kwa hiyo kikate mapema. Kuanzia Oktoba 1 unajijazia fomu mwenyewe bila malipo, lakini hakuna atakayejua usiporudi, basi mwachie mtu ramani yenye njia yako na saa ya kupiga simu kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Wakodishaji wengi wa mitumbwi hufunga Oktoba ikishaingia. Wapigie kabla hujaomba likizo.