JSON ndani ya JSON kwenye Splunk: achana na rex, fungua gamba moja moja

Mkuu uliyeuliza kwa nini Splunk (programu ya kutafuta na kuchambua logi) inakuonyesha fildi ya message tu afu vilivyomo ndani huvioni, hilo tatizo nalijua maana liliniharibia wikendi nzima. Angalia logi yako kwa makini, kama ndani ya message kila alama ya nukuu imetanguliwa na mkwaju, yaani \" hivi, basi hapo hakuna JSON tena (data iliyopangwa kwa jina na thamani yake), ni stringi tu. Programu imechukua JSON ikaifunga kama maandishi ikaitumbukiza ndani ya JSON nyingine, sasa lazima uifungue mwenyewe mara ya pili kwa spath, amri ya Splunk ya kutoa fildi kwenye JSON:

| spath path=message output=msg | spath input=msg

Rex, ile amri inayovuta fildi kwa kufuata mpangilio wa herufi (regex), usiiguse hapo. Mimi nilianza nayo ikafanya kazi vizuri tu, siku developa amebadili mpangilio wa fildi kila kitu kikarudi tupu na alerti haikulia.

Palipouma zaidi ni kwenye arei, yaani orodha ndani ya JSON. Tulikuwa na oda zenye bidhaa kadhaa, kila bidhaa na sku yake (kodi ya kuitambulisha) na status yake. Nikavuta items{}.sku na items{}.status nikaziunganisha na mvzip, inayopanga orodha mbili jozi kwa jozi, ripoti ikatoka safi kabisa, kumbe kwenye oda moja bidhaa ya pili haikuwa na status kabisa, basi FAILED ya bidhaa ya tatu ikasogea ikakaa kwa ya pili. Tukamsumbua muuzaji asiye na kosa lolote, iliniuma sana. Vuta kila bidhaa ikiwa nzima kwanza, ndo uipasue (mvexpand inaipa kila bidhaa mstari wake):

| spath input=msg path=items{} output=bidhaa | mvexpand bidhaa | spath input=bidhaa | table sku status

Hapo isiyo na status inabaki wazi kwenye mstari wake, haiibi ya mwenzie.

Kingine, spath usipoitajia path inasoma herufi 5000 za mwanzo tu, ni kikomo cha extraction_cutoff kwenye faili la mipangilio limits.conf, so JSON yako ikiwa ndefu fildi za mwishoni zinapotea kimya kimya bila kosa lolote kuonekana. Ukitaja path, hicho kikomo hakikuhusu.

Afu chuja kabla ya kuifungua JSON, weka index (logi zilipohifadhiwa) na sourcetype (aina ya logi) na neno FAILED mwanzoni kabisa mwa kwiri, la sivyo mvexpand itakulia memori.

Ikigoma bandika hapa tukio moja, futa namba za simu za wateja kwanza, nikuandikie.