Baiskeli ya milimani kwa safari za kazini: anza na tairi

Ukitaka kwenda kazini kwa baiskeli ya milimani hapa Dar es Salaam, pesa ya kwanza ipeleke kwenye tairi. Yale meno makubwa ni ya tope na mawe. Kwenye lami yanavuma na kukumalizia nguvu. Nilipofunga tairi laini, Tegeta mpaka Mwenge nilienda kama ninayesukumwa mgongoni.

Kwenye vipimo ndipo watu wanapopigwa. Baiskeli nyingi za milimani za miaka ya nyuma zina rimu ya inchi 26, lakini si kila tairi ya 26 inaingia. Zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, mara nyingi zinavaa 26 x 1 3/8. Ukiuziwa hiyo, fundi atahangaika bure, maana ni kubwa kwa rimu yako. Achana na inchi, soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Yako iishie na 559, mfano 47-559. Ile ya Kijapani ni 37-590. Tarakimu tatu za mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita, kwa hiyo hapo hakuna cha kubishana na muuzaji.

Tairi ya upana wa inchi 1.5 ni nyepesi, ila kwa mashimo yetu mimi nashauri 1.75. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni, na uupime mara kwa mara. Kama valvu ni nene kama ya pikipiki, fundi yeyote wa bodaboda atakujazia.

Shokapu ya mbele ikiwa na kitasa cha kuifunga, ifunge kwenye lami na uifungue kwenye rafu rodi. Usikimbilie kuing'oa uweke uma mgumu usio na springi: uma huo ukiwa mfupi kuliko shokapu, mbele panashuka na usukani unakuwa mwepesi mno.

Madigadi yasikose, hasa masika. Keria nayo, ili begi litoke mgongoni na shati lisilowe jasho. Fremu isiyo na matundu ya skrubu inafungwa kwa klampu.

Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na ziwake kabla giza halijaingia. Tafadhali, hapa usibane matumizi. Daladala likichomoka kituoni, dereva anahitaji kukuona mapema.

Mnyororo ukinyeshewa, futa kwanza mchanga kwa kitambaa, ndipo utie mafuta. Ukipaka juu ya mchanga, unausaga mnyororo wenyewe.