Kusoma kipimo cha CD4: kwa wanaoanza kazi ya maabara Bukavu

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika maabara za Bukavu, kipimo cha CD4 kinaonekana chepesi kwa kuwa jibu lake ni namba moja, na hapo ndipo hatari ilipo, maana namba moja humfanya kila aishikaye karatasi atoe hukumu papo hapo.

Tunachohesabu ni chembe CD4, yaani chembe nyeupe za damu ambazo, zikishamtambua adui, huzihimiza chembe B kutengeneza kingamwili na chembe CD8 kuua seli zilizovamiwa. Virusi vya Ukimwi huziingia kwa kujishikiza kwenye protini ya CD4 iliyo juu ya utando wake. Mashine huzitambua kwa kingamwili zilizotiwa rangi ing'aayo. Na kwa vile monositi, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo zina CD4 kiasi, huongezwa alama ya CD3, ambayo monositi hazina. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya huwa na chembe 500 hadi 1500 katika milimita moja ya ujazo ya damu.

Chukueni mgonjwa mwenye limfositi 1800 (kundi la chembe nyeupe ambamo CD4 zimo), ambazo asilimia 25 kati yake ni CD4: ana 450. Akirudi na mafua makali, limfositi zikiwa 1400 na asilimia ikiwa ileile, tutasoma 350. Asiye makini ataandika kwamba kinga imeporomoka, ilhali kilichopungua ni limfositi zote kwa pamoja. Ndiyo maana tofauti isiyofikia asilimia 30 hivi baina ya vipimo viwili haipaswi kumshtua mtu. Idadi hupungua asubuhi na kuongezeka jioni, na hushuka wakati wa ujauzito kwa sababu maji ya damu yanaongezeka. Kwa watoto walio chini ya miaka 5, ambao kwa maumbile wana limfositi nyingi, asilimia ndiyo ya kutazamwa.

Makosa mengi, hata hivyo, huanza kabla ya damu kufika mezani. Mrija wenye kifuniko cha zambarau unaoletwa kwa pikipiki kutoka Walungu, au kwa mtumbwi kutoka Idjwi, mara nyingi huwekwa kwenye sanduku la barafu kwa mazoea ya kubeba chanjo. Damu ya kipimo hiki hukaa katika joto la kawaida la chumba, na hapa kwetu milimani si kazi ngumu kulipata. Damu iliyoganda ikataeni, hata kama mgonjwa ametoka mbali na muuguzi amenuna. Kumwita tena ni adha, lakini namba ya uongo huingia kwenye faili na kubaki humo.

Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kujali CD4, na maendeleo ya tiba hufuatiliwa kwa kupima wingi wa virusi. Wapo wanaohitimisha kwamba kipimo chetu kimepitwa na wakati. Mimi sikubaliani nao. Jibu lililo chini ya 200 kwa mtu mzima linamaanisha ugonjwa umefikia hatua ya juu, hata kama ameingia kwa miguu yake mwenyewe, na anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu pamoja na kuvu wa kriptokokasi, anayeweza kuwamo katika damu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Jibu la namna hiyo msiliache lisubiri zamu ya kesho: mpelekeeni daktari siku hiyohiyo, mkononi.