Je, nimonia inaambukiza?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mwanangu wa miaka 2 alilazwa kwa nimonia, juzi ametoka hospitali na bado anamalizia dawa. Hapa kwetu Wete tunaishi wengi, watoto wanalala chumba kimoja, na wifi yangu ana mchanga wa mwezi mmoja. Mkwe wangu anasema nimonia ni baridi tu iliyomwingia kifuani, haiambukizi. Jirani anasema tumtenge na vyombo vyake. Tumsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na pole kwa kuuguza.

Kinachohama baina ya watu ni kidudu. Akikohoa mgonjwa au akipiga chafya, vitone vya mate hutoka navyo, na mwengine huvivuta au huvishika kwa mkono kisha akajipangusa pua. Nimonia yenyewe ni vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu kujaa majimaji na usaha, na wengi wanaopata kidudu hawafiki huko. Huishia na mafua au kikohozi cha siku chache. Bakteria aitwaye pneumokoki, anayeongoza kwa kuleta nimonia, hukaa puani mwa watoto wengi wazima wasioumwa na chochote. Humshukia mapafuni yule ambaye kinga yake ni ndogo: mchanga, mwenye utapiamlo, aliyetoka kuugua surua, mzee, mwenye VVU, na anayeshinda kwenye moshi wa kuni.

Mkwe wako naye ana sehemu yake ya ukweli. Baridi haizai kidudu, lakini masika ikikaza tunafunga madirisha na kubanana ndani, na hapo vidudu hupata njia.

Vyombo msitenge, kuviosha kwa sabuni kunatosha. Ikiwa nimonia yake ni ya bakteria, uambukizaji hupungua sana baada ya siku moja au mbili za antibaiotiki. Ya virusi huendelea kidogo zaidi. Dozi aimalize hata akiwa ameanza kukimbia uani.

Zipo pia nimonia zisizoambukiza hata kidogo, kama ya mtoto aliyepaliwa na chakula au aliyekunywa mafuta ya taa (huyo msimtapishe, mkimbizeni hospitali). Na tafadhali, mtoto mwenye mafua asitiwe mafuta ya kupikia wala samli puani. Yakiteremka kwenye mapafu huleta nimonia ya peke yake, ngumu kutibu.

Anayenitia hofu ni mchanga wa wifi yako. Asilale chumba kimoja na anayekohoa. Apewe maziwa ya mama tu, kila anayempakata aoshe mikono kwanza, na jiko la kuni liwe mbali naye. Kisha jifunzeni kuhesabu pumzi, nyote, na mkwe pia. Mngojeeni atulie au alale, mfunueni nguo kifuani, na kwa saa ya simu hesabuni dakika moja kamili, kila kifua kinapopanda ni moja. Msihesabu nusu dakika mkazidisha mara mbili, maana mchanga hupumua kwa vituo. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari, na mkipata hivyo hesabuni tena kuhakikisha. Miezi 2 hadi mwaka, hatari huanzia 50. Mwaka 1 hadi 5, huanzia 40. Tazameni na chini ya mbavu: anapovuta pumzi, pakibonyea kwa ndani, msingoje asubuhi. Mchanga huenda asiwe na homa wala kikohozi, akakataa ziwa tu au akawa wa baridi na mlegevu. Huyo naye ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Kama kuna mtu mzima humo ndani anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, akapimwe kifua kikuu. Huo unaambukiza kwa hewa, na kwa mchanga ni hatari kubwa.

Chanjo ya pneumokoki hutolewa bure katika vituo vya afya, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ile ya penta inayokinga pia bakteria mwengine wa nimonia. Wifi yako ana wiki chache tu kufikia ya kwanza. Mfuatane naye, na uchukue kadi ya mwanao ikaangaliwe kama zake zilitimia.