Kwa mwimbaji mpya wa bendi: niliyojifunza kwa mtoto wa Mji Mkongwe

Juzi kijana mmoja alinifuata baada ya mazoezi akaniambia, "Kaka, sauti ninayo, kutunga nimeanza, natafuta bendi. Nianzie wapi?" Nilikuwa nakunja nyaya na gari inasubiri, nikamjibu ovyo. Hili hapa ndilo jibu alilostahili, na wengine wanaoanza wamo humu pia.

Nimeimba kwenye bendi za hoteli Unguja kwa miaka 14. Usiku mwingi tunapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine. Mgeni akishakunywa bia mbili husogea ukingoni mwa jukwaa, akauliza kama tunajua wimbo wowote wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, halafu anaongeza: "Si amezaliwa hapa huyu?" Ndiyo, Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, amezaliwa hapa, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi) kutoka Gujarat, baba mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Nilianza kumsoma ili nipate cha kuwajibu wageni. Sauti yake siwezi kuiiga na sitaweza. Namna alivyoishi na wenzake watatu ndani ya bendi, hiyo nimejaribu kuiiga, na imenilipia kodi ya nyumba.

Tuanze na haraka yenu. Kila kijana anataka kusimama mbele wiki ya kwanza. Freddie alipelekwa bweni India, Panchgani, akiwa na umri wa miaka minane, na bendi yake ya kwanza ya shule, The Hectics, mwimbaji mkuu hakuwa yeye. Yeye alikaa kwenye piano. Alirudi Unguja mwaka 1963, mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Akasomea usanifu wa picha katika chuo cha sanaa cha Ealing. Alibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Akauza mitumba katika soko la Kensington, yeye na mpiga ngoma aitwaye Roger Taylor. Naam, mitumba. Nikiwaambia wenzangu wanadhani natania.

Taylor na mpiga gitaa Brian May walikuwa na bendi yao, Smile, na mwimbaji wao alisoma na Freddie chuoni. Basi Freddie akawa anafuatana nao kwenye maonyesho, anakaa chini, anatazama, kisha anawaambia kilichokosekana: mavazi hayapendezi, mpangilio hauna mvuto, mnawapa watu mgongo. Yeye mwenyewe alikuwa akiimba kwenye bendi nyingine, Ibex na kisha Sour Milk Sea, ambazo hazikufika popote. Mwimbaji wa Smile alipoondoka mwaka 1970 hawakuhitaji kutangaza nafasi. Mtu wao alikuwa pale pale, anazijua nyimbo zao kuliko walivyozijua wao. Akawa mwimbaji wao, na bendi ikaitwa Queen.

Kwa hiyo unapotafuta bendi, kaa karibu na bendi. Mimi nilibeba spika miaka miwili. Nilijua mpiga besi wetu hukosea wapi akichoka, nilijua fundi mitambo anapenda maiki ishikwe vipi, nilijua nyimbo zipi zinamtoa meneja wa hoteli ofisini aje kucheza. Siku mwimbaji alipopata kazi Muscat akaondoka ghafla, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na sauti iliyokwishapashwa moto.

Jambo lingine la mwanzoni: bendi haitulii mara moja. Queen ilipitiwa na wapiga besi watatu kabla ya kumpata John Deacon mwaka 1971, kijana wa miaka 19, mkimya, mwanafunzi wa elektroniki. Mkipoteza mtu wa kwanza msikae matanga.

Sasa kutunga. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Ule wimbo mrefu wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, ambao kila mgeni huuomba na sisi huuchakachua kwa kuruka katikati, Freddie aliuleta studio ukiwa kwenye vikaratasi vya kazini kwa baba yake, anagongagonga piano na kusema, hapa patakuja opera. Wenzake hawakuiona ile opera. Yeye alikuwa nayo kichwani. Angalieni lakini alivyoijenga. Taylor, pamoja na kuwa mpiga ngoma, alikuwa na sauti nyembamba inayopanda juu sana. May alikuwa mzuri chini. Freddie mwenyewe alijaza katikati. Deacon hakuwa mwimbaji, kwa hiyo hakulazimishwa. Watu watatu tu, wakarudia na kurudia, saa nyingi kwa siku, kwa wiki kadhaa, sauti juu ya sauti, hadi mkanda wa kurekodia ukapauka, ukaonyesha mwanga upande wa pili. Ile kwaya mnayoisikia ni marafiki watatu.

Hakutunga kwaya halafu akaenda kutafuta wanakwaya. Alijua kooni mwa kila mwenzake mna nini, akatunga kwa hicho. Mimi wimbo wangu wa kwanza niliuwekea kiitikio cha juu mno kwa sababu mimi nafika. Wenzangu hawakufika. Kila tulipofika pale, nyuma yangu ilisikika kama paka wamefungiwa jikoni. Ilinichukua miezi kukubali kuushusha, na ulipoteremka, mpiga kinanda, ambaye hatukuwahi kumsikia akiimba, akaanza kuitikia kwa sauti nzito nzuri ambayo sasa ndiyo watu wanaikumbuka. Kumbe ilikuwepo siku zote.

Wimbo ule wa Queen una dakika 5 na sekunde 55, hauna kiitikio, na waliambiwa redio hazitaupiga. Ulikaa kileleni Uingereza wiki tisa. Lakini msichukue hapo ruhusa ya kutunga nyimbo ndefu; mtanilaumu. Miaka minne baadaye, mtu huyo huyo, akiwa hotelini Munich ameketi kwenye beseni la kuogea, alitunga Crazy Little Thing Called Love kwa dakika chache kwa gitaa, chombo ambacho kwa kukiri kwake hakukijua vizuri. Alisema kujua kodi (chords) chache tu za gitaa kulimsaidia, kulimfunga mkono asitanue. Wimbo ukashika namba moja Marekani. Mimi nikikwama nyumbani siku hizi naachana na kinanda nachukua gitaa, ambalo nalipiga vibaya.

Fedha. Mkikaa mkapendana, zungumzeni fedha wakati huo huo, msingoje mchukiane. Kampuni ya kwanza iliyowasimamia Queen iliwapa nafasi ya kurekodi saa ambazo studio haina wateja wanaolipa, yaani usiku wa manane na alfajiri. Albamu ya kwanza, iliyotoka 1973, ilipatikana kwa kuviziavizia hivyo. Ni msaada, sikatai. Lakini mwaka 1974 wakiwa na wimbo ulioshika namba mbili Uingereza, walikuwa bado wanaishi kwa mshahara wa wiki usiotosha kitu. Kujitoa kwenye mkataba ule kuliwagharimu paundi 100,000 na asilimia moja ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Mimi nilisaini karatasi moja kwenye kochi la mapokezi ya hoteli, kwa kalamu ya mapokezi, bila kusoma ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulisema nyimbo tutakazotunga tukiwa na mkataba ni mali yao. Nyimbo nne hizo mpaka leo nikiziimba naangalia mlangoni.

Na hata mkishajinasua kwa mwenye kampuni, bado mtagombana wenyewe kwa wenyewe. Kwa utaratibu wa santuri, wimbo wa upande wa pili ulimlipa mtunzi wake sawa na ule uliouza santuri. Nyuma ya ule wimbo mrefu wa Freddie kulikuwa na wimbo wa Taylor kuhusu gari, na Taylor akapata mrabaha sawa na wa Freddie. Jambo hilo lilileta maneno kwa miaka. Mwaka 1989 waliamua kila wimbo uandikwe kuwa umetungwa na Queen, wanne wote, hata kama aliyeutunga ni mmoja. May amewahi kueleza kwamba tangu hapo walichagua nyimbo kwa uzuri wake. Kumbukeni hii ni bendi ambayo kila mmoja wao wanne alitunga wimbo uliovuma dunia nzima. Kama wao iliwachukua karibu miaka 20 kufika hapo, nyinyi mnaogombania elfu hamsini ya harusi ya Mbweni msijione wabaya sana. Andikeni tu kwenye daftari nani kafanya nini, siku hiyo hiyo.

Jukwaani nitasema machache, mengine mtafundishwa na jukwaa lenyewe. Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, walipewa dakika 20 na ushee mchana kweupe, bila taa zao. Walikuwa wamekodi ukumbi London kufanya mazoezi ya dakika hizo tu. Ule wimbo mrefu waliukata wakapiga kipande cha mwanzo. Halafu Freddie akaanza kuwaita watu kwa sauti na watu wanamjibu, kama ngoma yoyote ya kwetu inavyokwenda, na watu 72,000 wakawa ndio waitikiaji wake. Hilo halihitaji mitambo.

Kuhusu pleibeki, yaani kuigiza kuimba huku sauti iliyorekodiwa ikipigwa, ambayo naona mnaitetea sana: sehemu ya opera hawakuiweza jukwaani, watu watatu hawawezi kuwa kwaya. Walichofanya ni kuzima taa, kutoka jukwaani wote, mkanda ukapigwa, kisha wakarudi kwa kishindo sehemu ya magitaa. Hawakusimama pale wakifungua na kufunga midomo.

Koo. Freddie alipata vinundu kwenye nyuzi za sauti, na sigara alivuta. Nidhamu ya koo msijifunze kwake. Oktoba 1984 sauti ilimkatika katika safari ya Sun City, Afrika Kusini, wakalazimika kufuta baadhi ya maonyesho. Na safari yenyewe ilikuwa kosa kubwa kuliko sauti. Ule ulikuwa wakati wa makaburu, wanamuziki wengi walikuwa wamegoma kwenda, na Queen walikwenda wakidai muziki hauna siasa. Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo, na chama cha wanamuziki Uingereza kikawatoza faini. Mtu aliyezaliwa Unguja! Hapa siwezi kumtetea na sijaribu. Mwaka wa uchaguzi utafika, utapigiwa simu na mtu wa kampeni mwenye ahadi ya malipo mara tatu. Waulize wenzako kabla ya kusema ndiyo, kwa sababu jina litakalochafuka ni la bendi.

Kuanzia mwaka 1987 alijua kwamba anaumwa UKIMWI. Umma haukuambiwa hadi tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki, na miaka yake 45. Katikati ya hapo hakuacha kufanya kazi. Mwezi wa tano mwaka 1991 alikuwa Montreux, Uswisi, hawezi kusimama muda mrefu, na aliwaambia wenzake wamletee maneno yoyote waliyonayo ayaimbe, watamalizia muziki wao wenyewe baadaye. May anakaa na karatasi, anaandika mistari, anampa, Freddie anaimba papo hapo, mstari kwa mstari, mdundo wa mashine ukiwa nyuma kwa sababu hapakuwa na muda wa kungoja ngoma.

Wimbo huo unaitwa Mother Love. Walipobakiza ubeti wa mwisho alisema amechoka, aende akapumzike, atarudi kuumalizia. Hakurudi tena studio. Ulipotoka mwaka 1995, ubeti ule ulikuwa na sauti ya Brian May.