Usimwite mwalimu mkuu "notorious", futa kabla hujaprinti

Umeuliza maana ya neno la Kiingereza "notorious", na umeshaliweka kwenye risala ya kumuaga mwalimu mkuu wenu anayestaafu. Kwanza futa hilo neno kwenye risala sasa hivi. Yaani unataka usimame mbele ya wazazi na wanafunzi useme "our notorious headmaster" kisa umeambiwa maana yake maarufu? Maarufu kwa ubaya! Kiswahili chake cha karibu ni sugu, aliyekubuhu. Jambazi sugu, tapeli aliyekubuhu. Mzee wa watu kafundisha miaka yote hiyo halafu siku ya kumuaga unamweka kundi moja na wezi wa ng'ombe.

Mimi lilinikuta. Tulikuwa na kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma, msimu wa Agosti, mchuzi (juisi ya zabibu ya kutengenezea mvinyo) umejaa kwenye matanki na wanunuzi wa hapa wanasuasua, tukapata Mwingereza mmoja kupitia wakala wa Dar. Barua nikapewa mimi niandike kwa vile ndo msomi wa kikundi. Nikaandika wakulima wa Hombolo ni "notorious" kwa zabibu zao, na mwenyekiti wetu ni "notorious" wilaya nzima. Wiki ya kwanza kimya, ya pili wakala akapiga simu anauliza mwenyekiti wenu ana kesi gani, na zabibu zina shida gani, dawa zimezidi au mchuzi mmetia maji? Mpaka nije nieleze, mpaka naye aeleze huko, jamaa keshachukua mzigo kwingine na sisi tukamwachia dalali kwa bei ya kulia. Ila kilichoniuma zaidi ni mzee wetu mwenyekiti. Binti yake alimtafsiria ile barua, akaniita kwake akaniuliza taratibu tu, "Mwanangu, mimi nimeiba nini?" Nilikosa pa kuangalia.

Na aliyenifundisha ni mwalimu wa tuisheni, alituandikia ubaoni famous, notorious, infamous, eti yote sawa, tukakariri na hela tukalipa! Hata hiyo infamous sio "maarufu sana", ni mwenye sifa mbaya. Unalipwa kufundisha watoto wa watu, kufungua kamusi tu kunakushinda?

Msije pia na The Notorious B.I.G., yule rapa wa Marekani. Lile ni jina la jukwaani, mtu kajichagulia, kama huku kwetu rapa Joseph Mbilinyi alivyojiita Sugu. Kujiita mwenyewe ni swaga, kumwita mzee wa watu ni tusi.

Asili yake ni Kilatini, mwanzo lilikuwa na maana ya kinachojulikana tu, ila kwa kuambatana sana na wezi na waongo likachafuka. Ndo maana mimi kivumishi cha Kiingereza sikichukui tena kwa tafsiri ya neno moja, natafuta kwanza sentensi tano nione kinakaa na nani. Fanya hivo na hili: utakuta mhalifu, mwongo, barabara yenye ajali, mtihani ambao ni "notoriously difficult". Mwalimu anayestaafu akapewa mbuzi na saa ya ukutani humkuti hapo.

Muandikie "respected" au "well known", inatosha kabisa. Risala yenyewe ni lini? Iweke hapa yote kabla hujaprinti, usiku nipo, ntaisoma mstari kwa mstari.